Ulizo la Tano

Mimi ni katekista. Ninalisema mapema, maana hapa Kalemie wakisimulia habari hii wanasema "Papa Firmin, muganga wa timu", na mimi uganga sikusomea. Nilikuwa na ndoo ya maji ya ziwa, sifongo, bendeji tatu na chupa ya dawa ya vidonda. Basi. Kazi yangu ya kweli, mwaka wa ishirini na sita huu, ni kufundisha watoto wa parokia maulizo na majibu ya dini mpaka jibu litoke lenyewe mudomoni. Na ninaiweza, musinitanie. Mutoto aliyepita mikononi mwangu, mwamushe usingizini umuulize nani alimuumba, atakujibu kabla hajafungua macho.

Neno hilo nimelisema miaka mingi kwa kujisifu. Sasa likinitoka natamani kujipiga kibao.

Timu yetu inaitwa Mapambazuko. Ni vijana wa parokia, wengi wao wazazi wametoka Moba, kwenye mihogo na nyavu, kama mimi. Ndoo niliishika kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nani anataka kukimbia kiwanjani tumbo likimutikisika na watu wanacheka? Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Muntu akianguka, unamukimbilia, unamumwagia maji kichwani, unamupiga makofi mawili ya mugongo, anasimama, watu wanapiga vigelegele, mupira unaendelea. Miaka yote hiyo hakuna aliyekufa, na mimi nikaamini ni maji yangu.

Kisha wakubwa wa mupira wa provensi wakatuita kwenye mafunzo ya siku tatu. Alikuja muganga mumoja mwenye miwani, kijana, lakini anajua anachosema. Alishika yai bichi akalitikisa karibu na sikio, akatuambia kichwa cha muntu njo hivi: ganda linaweza kubaki zima na ndani kumevurugika. Muntu anaweza asizimie, asitoke damu hata tone, na ubongo wake umeumia. Akasema pigo la kwanza mara nyingi linapona, muntu akipumzishwa. Linaloua ni la pili, likimukuta bado hajapona la kwanza. Kwa hiyo tusimuhurumie muchezaji, tusimuhurumie kocha, tumutoe muntu na tumukalishe, akae siku zake nyumbani bila mupira, bila kupanda moto, yaani pikipiki, bila pombe, mpaka muganga aseme.

Kila mumoja wetu akapewa karatasi ngumu ya kuweka mufukoni. Upande mumoja kuna alama: kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, macho kuogopa mwanga, kusimama kama mulevi, kuuliza jambo lile lile. Upande wa pili kuna maulizo matano ya kumuuliza muntu aliyegongwa. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, waliandika kwamba akiwa na alama hata moja anatoka na harudi siku hiyo, hata kama amejibu yote.

Sasa mimi, ukinipa karatasi yenye maulizo, nitafanya nini? Nitafanya kile ninachokijua. Nilisahau herufi kubwa za juu, nikapeleka maulizo kwenye mazoezi, nikawapanga vijana kwenye nyasi kama watoto wa komunyo ya kwanza, nikawafundisha kuuliza na kujibu. Maulizo yalikuwa matano, mimi nikachukua manne. Lile la tano nitalifikia, musinikimbize.

Vijana walicheka mpaka machozi. Wakanipa jina, Papa Maulizo, wakawa wananiita hivyo hata barabarani wakipita juu ya moto, "Papa Maulizo, leo ni siku gani?" Na mimi nilifurahi, nisiwadanganye. Kila wiki niliwapa majibu ya mechi inayokuja, na baada ya wiki mbili kila mumoja alijua. Kabla ya kila mechi tulifanya duara, tukasali, kisha nikauliza nao wakajibu kwa sauti moja, watazamaji wakipiga makofi. Timu nyingine zilikuwa na jezi mpya. Sisi tulikuwa na maulizo yetu.

Aliyejibu vizuri kuliko wote alikuwa Exaucé. Huyu nilimutayarishia ubatizo, nilimutayarishia komunyo, nilimufundisha kusoma masomo ya misa. Alikuwa na miaka ishirini na mumoja, anasomea ualimu, na siku za Mungu, kila Jumapili asubuhi, akisimama mbele kusoma, hata wamama wa nyuma waliacha kupepea watoto. Hakubabaika, hakuruka neno. Mama yake, Mama Odile, ni mujane anayekausha ndagala ufukweni, hajui kusoma hata jina lake. Alikuwa anakaa benchi la kwanza akimutazama mutoto wake midomo ikimucheza, kana kwamba wanasoma wawili.

Dada yake Exaucé ni Syntiche, muuguzi. Naye alikuwa kwenye yale mafunzo ya siku tatu, alikaa mbele kabisa akiandika. Mwanamuke hacheki ovyo, na ulimi wake haujui kuzunguka. Siku moja alitukuta mazoezini tunajibishana, akasimama mpaka tukamaliza, akanivuta kando.

"Papa Firmin, haya maulizo si ya kuimba."

"Nani anaimba? Ninafundisha."

"Njo hilo ninalosema. Ni ya kumushitukiza muntu, kujua kama akili ipo. Ukiwapa majibu mbele, utajuaje?"

Damu ikanichemka. Mutoto niliyemushika mukono kuchora ishara ya musalaba, leo ananifundisha kufundisha!

"Wewe," nikamwambia, "Baba Yetu nani alikufundisha? Si mimi? Ulipotea?"

"Sikupotea, Papa."

"Basi niache na kazi yangu."

Akaniacha. Angenishika shati, angenipigia kelele mbele ya vijana, labda leo ningekuwa ninasimulia mambo mengine. Lakini ni mutoto aliyelelewa vizuri, na mimi ni Papa. Alinyamaza kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo niliyoitumia vibaya.

Ile siku ya Mungu ilikuwa tarehe kumi na nane mwezi wa tano. Asubuhi Exaucé alisoma somo la kwanza. Saa tisa tulikuwa kiwanjani, nyuma ya reli, tunacheza na vijana wa Nyunzu, na anayeshinda anaingia fainali ya provensi. Mapambazuko haijawahi kuingia fainali tangu ianzishwe. Watu walijaa mpaka juu ya mabehewa yaliyolala pale. Tulifanya duara letu.

"Leo ni siku gani?"

"Siku ya Mungu, tarehe kumi na nane, mwezi wa tano!"

"Tuko wapi?"

"Kiwanja cha nyuma ya reli!"

"Tunacheza na nani?"

"Vijana wa Nyunzu!"

"Wiki iliyopita tulicheza na nani, ikawaje?"

"Kabimba, sare, moja kwa moja!"

Ilikuwa kama dakika ya thelathini. Doudou, kapiteni wetu, alipiga kona, Exaucé akaruka na beki wao akaruka. Nilisikia vichwa vikigongana, sauti kavu, nikiwa upande mwingine wa kiwanja. Mupira ukaingia golini. Ee, kelele zile! Vijana wote wakamurukia Exaucé alivyolala pale, wakamulalia juu, na mimi nilikuwa ninakimbia na ndoo yangu ninapiga kelele kama mwehu, goooli. Walipomutoka, nikaona amelala chali anatazama mawingu.

Nikamumwagia maji. Akaketi. Akasimama, muguu mumoja ukamukimbia kidogo, akanishika bega.

"Kichwa?" nikamuuliza.

"Kinauma kidogo tu, Papa."

Hapo njo ingekuwa mwisho wa kazi. Alama mbili mukononi mwangu, na karatasi inataka moja. Kama ningekuwa ninaijua karatasi yangu kama ninavyojua kujisifu, ningemushika mukono tutoke wote wawili. Lakini kocha wetu, Ulrich, alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye mustari, "Papa, yupo sawa? Papa!" na refa anatazama saa, na watazamaji wa upande ule wameanza, "Maulizo! Maulizo! Maulizo!" Walitaka kusikia muchezo wao. Na mimi nilivimba kichwa. Nikamushika Exaucé mashavu kwa mikono miwili, nikauliza kwa sauti ya kanisani.

Akajibu. Siku ya Mungu, tarehe kumi na nane, mwezi wa tano. Kiwanja cha nyuma ya reli. Vijana wa Nyunzu. Kabimba, sare, moja kwa moja. Bila kubabaika, bila kuruka neno, vile vile anavyosoma misani. Watu wakapiga makofi. Nikainua kidole gumba kwa kocha.

Nikiwa narudi, Syntiche alikuwa amevuka kamba. Alikuja mbio na viatu mukononi.

"Papa Firmin, mutoe."

"Amejibu yote."

"Nimesikia amejibu. Mutazame anavyotembea! Mutoe, Papa, ninakuomba."

"Syntiche, rudi nyuma ya kamba. Hapa si kwenye kituo chako cha afya."

Nililisema kwa sauti ili watu wasikie, na watu wakacheka. Alinitazama, kisha akarudi nyuma ya kamba. Ninakumbuka alivaa viatu vyake taratibu, kimoja kimoja.

Mpaka mapumziko Exaucé alicheza kama muntu anayetafuta kitu alichodondosha. Alipewa mupira mara mbili, mara zote mbili akarudisha nyuma. Wakati wa mapumziko alijifunika uso kwa jezi, akasema jua ni kali, na kulikuwa na mawingu toka asubuhi. Doudou akaja kuninong'oneza kwamba ametapika nyuma ya ukuta.

"Ni samaki, ni mukeke," akasema kocha Ulrich kabla sijafungua mudomo. "Niliwaambia wasile sana muchana. Papa, si amejibu?"

"Amejibu."

"Sasa?"

Nilimwendea, nikamuuliza tena, kwa sauti ya chini. Akajibu tena, macho yamefumba, kichwa kimeegemea ukuta. Manne yote. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi na nikamupa maji ya kunywa.

Pigo la pili halikuwa pigo. Wengi wanadhani aligongwa vibaya. Hapana. Kipindi cha pili kilikuwa na dakika kumi hivi, kijana wa Nyunzu akageuka na mupira, bega lake likamupitia Exaucé shavuni. Hata refa hakupiga filimbi. Exaucé akasimama mahali pale pale, kisha akaanza kutembea kuja kwangu, polepole, akiacha mupira unaendelea nyuma yake. Akafika kwenye mustari.

"Papa, zima hiyo kengele," akasema.

Hakukuwa na kengele. Akaketi juu ya ndoo yangu, akateleza, akalala.

Syntiche alifika kabla sijainama. Alimugeuza ubavu, akamufungua jicho moja, kisha la pili, akatukana. Sijawahi kumusikia akitukana. Jicho moja mboni ilikuwa imefunguka kuliko lingine. "Gari!" akapiga kelele, "nani ana gari?" Hakuna aliyekuwa na gari. Tukamupakia juu ya moto kama tunavyopakia wagonjwa wote hapa kwetu, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemukumbatia asianguke, kichwa chake kwenye bega langu. Na kila shimo la barabara lilimutikisa. Nilikumbuka lile yai.

Njiani niliogopa asilale. Nikaanza kumuuliza sikioni. Leo ni siku gani, Exaucé? Akajibu. Ninawaapia, akajibu, ulimi muzito lakini akajibu. Tuko wapi? Kiwanja cha nyuma ya reli. Tulikuwa tunapita soko! Tulikuwa katikati ya wamama wa mboga na kelele za moto, naye ananiambia kiwanja cha nyuma ya reli. Hapo njo nilielewa. Nikauliza la tatu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. "Vijana wa Nyu," akasema, na hakumaliza.

Hospitali walimuchukua mara moja, siwezi kuwalaumu. Mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, walisema, ni mpaka Lubumbashi, na mugonjwa si wa kusafirishwa. Muganga alitoka akataka kujua saa ya pigo la kwanza, saa ya pigo la pili, na alama gani zilionekana. Syntiche akanyoosha mukono bila kunitazama.

"Karatasi yako, Papa. Ndiyo ina nafasi ya kuandika saa."

Nikaitoa mufukoni. Ilikuwa imelowana jasho. Aliandika alichokijua, akageuza upande wa pili, akasimama hapo. Doudou alikuwa pembeni yetu bado na jezi. Mama Odile alikuwa amefika, amekaa chini sakafuni na harufu ya ndagala kwenye kitenge chake, anasali rozari bila rozari, kwa vidole.

"Hili la tano umelifuta," Syntiche akasema.

Nililifuta kwa Biki ya buluu, mistari miwili, na rula. Mimi ni muntu wa utaratibu.

Akalisoma kwa sauti. "Nani alifunga bao la mwisho katika mechi hii?" Kisha, "Mbona ulilifuta?"

"Halina jibu," nikasema. "Jibu linabadilika mechi yenyewe ikiendelea. Nisingeweza kuwafundisha."

Nikajisikia nikilisema. Muzee mzima, mvi kichwani, ninalisema kama sababu. Aliyejibu ni Doudou, na alikuwa haongei na mimi wala na Syntiche, alikuwa anaongea na ukuta.

"Aliniuliza," akasema. "Wakati wa mapumziko. Aliniuliza, Doudou, nani ametufungia? Nikadhani ananitania. Si munajua anapenda mzaha? Nikamwambia, amefunga babu yako. Akacheka."

Mama Odile akaacha kusali. Alitutazama mumoja mumoja, hajaelewa, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumweleza.

Exaucé alilala siku tisa. Siku ya kumi alifungua macho, na parokia nzima ikapiga kengele, na mimi sikwenda kushukuru. Watu walinifariji. Kocha Ulrich alisema ni ajali ya mupira. Padri alisema nisijihukumu. Ninawashukuru wote, lakini hawakushika mashavu ya yule mutoto kwa mikono yao.

Siku ya Mungu iliyofuata niliingia darasani, watoto arobaini wamekaa kwenye mikeka. Nikauliza, wakajibu kwa sauti moja, vizuri kabisa, hakuna aliyebabaika. Zamani sauti hiyo ilinishibisha. Nikamutazama kasichana kamoja ka mbele, kanajibu huku kanachezea uzi wa sketi yake, macho yakiwa dirishani, na jibu linatoka kamili. Nikafunga kitabu, nikawaambia waende nyumbani. Bado ninafundisha, maana sijui kazi nyingine. Lakini sijafundisha kwa furaha tangu siku hiyo.

Sasa imepita miezi sita tangu ile mechi. Kila siku ya Mungu baada ya misa ninakwenda kwa Mama Odile. Exaucé anakaa barazani kwenye kiti cha plastiki, amevaa kofia, maana mwanga bado unamuuma. Anatembea akishika ukuta. Kitabu akikishika anakitazama kidogo, herufi zinamukimbia, anakifunga na kuomba radhi. Anaomba radhi kwa kila kitu. Anamuomba radhi mama yake akimwaga chai, anamuomba radhi jirani akipita. Kusoma ualimu kumekwisha, hakuna anayelisema lakini kumekwisha. Masomo ya misa siku hizi anasoma muntu mwingine, na Mama Odile amehama benchi la kwanza.

Akiniona ninaingia tu, ananyooka kwenye kiti na kuanza.

"Siku ya Mungu, tarehe kumi na nane, mwezi wa tano. Kiwanja cha nyuma ya reli. Vijana wa Nyunzu. Kabimba, sare, moja kwa moja."

Bila kubabaika, bila kuruka neno. Na Mama Odile anapiga makofi! Kila wiki. "Umesikia, Papa Firmin? Umesikia? Akili yake inarudi. Waambie parokiani, wanakusadiki wewe." Anaita majirani waje kusikiliza. Mimi ninatazama chini, ninasema ndiyo Mama, amejibu vizuri. Nimesema uongo huo mara ishirini na zaidi, na kila mara ananipa kiti chenye muto.

Wiki iliyopita Syntiche alikuwepo. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Toka siku ile ananiamkia, ananipa maji, ananiita Papa, hajawahi kunitupia neno. Ningependa anitukane. Exaucé akanyooka, akajibu yake, Mama Odile akapiga makofi. Nikaona Syntiche ameacha kuchambua, ananitazama mikono. Nilikuwa nimeitoa ile karatasi mufukoni bila kujua. Ninatembea nayo.

Siwezi kusema ni ujasiri. Nilichoka tu. Nimeliogopa ulizo lile miezi sita, nikaona nikitoka tena bila kuliuliza sitaweza kurudi.

"Exaucé," nikamwambia, "liko lingine. Nani alifunga bao la mwisho?"

Mikono ya Mama Odile ikasimama hewani. Exaucé alinitazama. Wamemwambia, najua wamemwambia, Doudou alikuja mara tatu kumusimulia lile goli na kuruka pale barazani kumuonyesha, lakini halikai kichwani. Alitazama chini ya kiti, akatazama mikono yake. Jasho likamutoka chini ya kofia. Kisha akanigeukia kwa ile sura ya muanafunzi mwema, aliyefika siku ya mutihani akakuta kitu asichokijua.

"Radhi, Papa," akasema. "Hilo hukutufundisha."

Nikafungua mudomo. Jibu lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi, maneno mawili, "ni wewe", na baada yake ningemwambia, "Sema na mimi: ni mimi. Rudia: ni mimi", mpaka litoke lenyewe. Njo muntu niliye. Syntiche akaweka ungo chini, akanishika mukono.

"Usimufundishe, Papa," akasema. "Muache atafute mwenyewe."

Mama Odile akavuta mukeka, akakaa karibu na miguu ya mutoto wake. Exaucé alifumba macho, midomo ikianza kumucheza bila sauti. Tukakaa wote, tukamungoja.